Pilau la Upande wa Mwanamume

Jumapili mchana, Troyeville. Wiki ya kwanza ya mwezi wa tano.

Jua limetoka lakini halina kazi, linawaka tu kama taa ya mapambo. Nimekaa kibarazani nimejifunga khanga mbili juu ya sweta la mdogo wangu. Mikono yangu inanuka bizari na moshi hata baada ya kuoga mara tatu, na mgongo unanikumbusha kwamba nina miaka arobaini na saba. Nina furaha mpaka naona aibu.

Shajara, leo nakuandikia ukweli wote, maana kwa miezi minne nimekuwa nikikudanganya.

Kwa wewe unayepita kwenye shajara yangu hii ya mtandaoni kwa mara ya kwanza: mimi ni mpishi wa shughuli kutoka Tanga. Arusi, hitima, maulidi, nikiitwa naenda na mwiko wangu. Nilikuja Johannesburg mwanzo wa Januari kwa wiki tatu tu, kwa sababu mdogo wangu Rajabu alikuwa anaoa. Rajabu anatunza stoo ya duka moja la jumla kule Mayfair, na ana miaka kumi na moja hajakanyaga nyumbani kwa mambo ya karatasi. Baba yetu ametangulia. Mama magoti hayamruhusu hata kwenda sokoni, seuze kupanda ndege. Basi akanituma mimi. Akaniambia, nenda ukasimame upande wetu.

Wiki tatu zikageuka miezi minne, kwa kuwa ami wa bibi arusi, ambaye ndiye walii wake maana baba yake hayupo, alikwama Lusaka na karatasi zake yeye. Wenyewe husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nimelishika zamani. Nafua na kuanika juu ya paa la jengo, nagombania kamba na wanawake wa ghorofa ya pili, kisha tunagawana chai. Nimejifunza kuinua kidole cha shahada barabarani ili teksi ya kwenda mjini, yaani daladala yao, isimame. Nimejua kwamba ukiambiwa pinda kushoto kwenye robot, unaambiwa habari ya taa za barabarani, usitafute mashine yenye miguu. Mwenye spaza, kile kiduka cha pale kona, ananiita sisi, maana yake dada, nami namwitikia yebo, ndiyo yao, kama niliyezaliwa hapa. Kila alfajiri wanapita ndege wakubwa wenye midomo mirefu, wanapiga kelele utadhani wamedhulumiwa urithi. Mwanzo niliwalaani. Sasa wasipopita nachelewa kuamka.

Naipenda hapa. Naandika haraka kabla sijabadilisha mawazo.

Lakini kulikuwa na jambo moja lililokuwa linanila ndani. Tangu nifike mji huu, pilau langu halijaiva hata siku moja.

Sisemi lilikuwa baya kidogo. Nasema halikuiva. Nyama laini, harufu inaita majirani, rangi ile ya kahawia ya kitunguu kilichokaangwa kwa subira, halafu unaweka punje mdomoni na katikati kuna kiini kigumu kama changarawe. Nikiongeza maji kwa hasira, linatoka bokoboko la kulisha kibogoyo. Mimi, ambaye Tanga watu husogeza tarehe za arusi wanifuate.

Nililaumu mchele, maana wa hapa wengi wanaula ule wa njano uliochemshwa kiwandani. Nikahamia basmati, mambo yakawa yaleyale. Nikalaumu sufuria, nikalaumu gesi. Wiki moja nzima, Mungu anisamehe, nilimlaumu jirani wa chini kwamba ana jicho. Kumbe jirani mwenyewe, Papa Kalonji, mlinzi kutoka Kongo, ndiye aliyekuwa ananiokoa. Kila nikiharibu nampelekea bakuli, anakula mpaka mwisho bila kukunja uso. Siku moja tu ndipo nilipombana aseme ukweli, akanijibu, "Iko na meno kidogo, Mama. Lakini na sisi tuko na meno."

Nilicheka, nikaingia ndani nikalia.

Maana mambo yalikuwa yamekwisha kupangwa. Bibi arusi, Zuwena, ni Mrundi wa Buyenzi, ule mtaa wa Waswahili kule Bujumbura, na mama yake anauza vitenge na dagaa hapa karibu, Bertrams. Siku ya kupeleka posa tulikaa tukagawana kazi mbele ya wazee. Watu ni wachache huku ugenini, hakuna ukoo wa kujaza ua, kwa hiyo kila upande ubebe chake. Upande wa mwanamke wakasema watabeba ua, viti, hina na mapambo. Upande wa mwanamume tukapewa chungu. Watu tisini wale pilau la kwetu. Rajabu akajibu kabla sijafungua mdomo. Akawatangazia kwamba dada yake ndiye mpishi wa Tanga nzima, na kwamba siku hiyo watakula pilau la mama yake.

Upande wa mwanamume ulikuwa ni mimi peke yangu, nimekaa kwenye kochi na mkoba mapajani.

Rajabu amekula pilau langu lenye kiini kwa miezi minne na hajasema neno. Anatafuna taratibu, anashukuru, anaondoa sahani. Sijui alikuwa anajipa moyo kwamba siku ikifika mkono wangu utarudi, au alikuwa ananihurumia. Vyote viwili vilikuwa vinaniuma. Huyu mtoto nilimbeba mgongoni. Anaoa bila baba, bila mama, bila binamu hata mmoja wa kumtania, na kitu pekee cha nyumbani kitakachokuwepo arusini kwake ni kile nitakachofunua kwenye sufuria. Na mimi nilikuwa najua kitakachokuwemo.

Basi Alhamisi nikafanya jambo la aibu.

Nilipanda teksi hadi Mayfair. Kuna mama mmoja wa Kihindi anapika biriani kwa oda, unachagua ukubwa wa sufuria na linakujia tayari. Mpango wangu ulikuwa niagize sufuria mbili, zifike Jumamosi alfajiri kimyakimya, nizibandike juu ya moto wangu, nijipake moshi kidogo usoni. Nikifunua niseme nimebadili nia, nimewapikia biriani kwa heshima ya wakwe. Nilikuwa nimeshayakariri hayo maneno kwenye teksi. Mbele ya mlango wake ndipo niliponusa, nikachungulia sufuria iliyokuwa mezani. Lina dengu. Biriani la watu wa hapa linawekwa dengu! Mtu wa Tanga kuweka dengu kwenye biriani ni bora akamatwe uchi. Nikasimama pale naona mpango mzima unayeyuka, nikamwuliza yule mama kwa Kiingereza changu cha kuokoteza kama anaweza kuniondolea dengu.

Nyuma yangu sauti ikasema, "Dada, biriani ni ya nani?"

Mama Zuwena. Amebeba mfuko wa iliki na mdalasini, amekuja kununua viungo vya chai ya arusi.

Nikaanza kusema ni ya jirani. Nikafika kwenye jina la jirani, ulimi ukagoma. Yule mwanamke ana namna ya kukutazama bila kuharakisha, kama anayesubiri chenji. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeficha mpaka nimechoka. Nikamwambia palepale barabarani, watu wanapita: pilau siwezi. Tangu nije huku siwezi. Jumamosi nitamwaibisha mwanao na mdogo wangu.

Hakucheka. Aliniuliza tu maji napima na nini.

Nikamwinulia kidole. Pingili moja juu ya mchele, ndivyo alivyonifundisha bibi yangu, ndivyo nilivyopika kwa miaka thelathini. Pale ndipo alipocheka. Alicheka mpaka akaketi juu ya gunia la viazi la duka la watu.

"Hicho kidole ni cha Tanga," akasema. "Hapa tuko juu ya mlima."

Nikamwuliza mlima uko wapi, mbona mimi siuoni.

"Huwezi kuuona. Tuko tumesimama juu yake."

Halafu akanieleza, taratibu, huku watu wakituzunguka. Yeye Buyenzi aliolewa tu. Kuzaliwa alizaliwa milimani, Bururi, ambako maharagwe yanabandikwa asubuhi yakaliwa jioni. Akasema, "Maji ya juu iko na haraka. Inachemka wakati moto bado haujaingia. Weye unaona mapovu, unafikiri kazi imekwisha. Kumbe haijaanza."

Miezi minne, shajara. Nimelaumu mchele, gesi na jicho la jirani, na kosa langu lote lilikuwa kupika kana kwamba bahari iko nyuma ya nyumba. Sikuwahi hata kufikiri kwamba maji yanaweza kuwa na tabia tofauti. Kwetu maji ni maji.

Akaniuliza kwa nini sikumwambia mapema. Nikamjibu ukweli, niliogopa wakwe waseme Rajabu hana watu. Hapo akawa anazungusha ule mfuko wa iliki kiganjani.

"Mimi siku nimeolewa," akasema, "upande wangu hakukuja mtu hata mmoja."

 Tulipanda teksi moja kurudi, tumebanana na mifuko yetu, na yeye ndiye aliyelipa.

Ijumaa alasiri tulijaribu jikoni kwake, sufuria ndogo. Mchele ukalowekwa saa nzima, jambo ambalo kwetu sisi tunaopika mchele mpya ningemcheka anayelifanya. Maji pingili mbili badala ya moja. Mfuniko ukazibwa pembeni kwa unga uliokandwa ili mvuke usipate pa kutokea, juu yake likawekwa jiwe. Tukangoja. Nilipofunua nikachukua punje moja, nikaibana kwa vidole. Ikabonyea mpaka ndani.

Nilimkumbatia mama wa watu kabla hajatua chini kijiko.

Lakini alikuwa na sharti lake. Maagano ni maagano, yalisemwa mbele ya wazee, chungu ni cha upande wa mwanamume. Yeye hatagusa mwiko. Jana alfajiri, giza bado halijatoka vizuri, akaja uani kwake mwenyewe kama mgeni, amejifunika blanketi, akaketi juu ya kreti la soda. Alikaa hapo kwa muda wa saa nne. Mimi nakaanga, nageuza, nalia kwa moshi na vitunguu, yeye anasema tu. Ongeza. Ngoja. Bado. Mkono haukutoka ndani ya blanketi hata mara moja.

Mkaa tuliununua kwenye kituo cha mafuta, ule wa kuchomea nyama, maana watu wa mji huu wanachoma nyama kila wakipata nafasi ya kusimama. Nikaziba sufuria zote mbili kwa unga, nikapalia makaa juu ya mifuniko. Kutoka hapo hakuna la kufanya. Mpishi yeyote atakwambia hiyo ndiyo saa mbaya kuliko zote. Ukifunua kuangalia umeharibu, usipofunua hujui. Wanaume walikuwa wameshakwenda Mayfair msikitini. Wanawake wanaanza kuingia, Warundi, Wakongo, Watanzania wawili watatu, wamejipamba na kunukia, kila mmoja anapita karibu na sufuria zangu anavuta pua na kunitazama. Mkono wangu ulikwenda kwenye mfuniko mara tatu.

"Wacha," Mama Zuwena akasema mara ya tatu. Kisha akainuka, akajikung'uta, akaenda kuvaa. Alipotoka tena alikuwa mama wa bibi arusi, dhahabu masikioni, na akanipita kama asiyenijua.

Zikasikika honi. Rajabu ameoa.

Nilivunja unga wa kwanza kwa ncha ya kisu. Mvuke ukatoka, nikafumba macho, nikaingiza mwiko mpaka chini na kugeuza. Punje moja moja. Zimeachana, zinang'aa, kila moja na njia yake. Nikaonja. Nikaonja tena kwa kuwa sikujiamini. Kisha nikapiga kigelegele ambacho nadhani kilifika mpaka mtaa wa Bezuidenhout Valley, na wanawake wakaitikia bila kujua wanaitikia nini.

Tukapakua kwenye masinia, watu sita sita. Mimi nilisimama nyuma ya mti wa pichi wa uani na kumtazama mtu mmoja tu.

Rajabu alikuwa ameketi na ami wa mkewe na wazee, kanzu nyeupe, kofia imekaa upande kidogo kama anavyoivaa tangu utoto. Akakusanya tonge, akalitia mdomoni. Taya likasimama. Akainamisha kichwa, akakaa hivyo, na mabega yake yakaanza kutikisika. Ami mtu akamwekea mkono mgongoni, nadhani alifikiri amepaliwa. Alipoinua uso machozi yalikuwa yanatiririka waziwazi mbele ya wakwe, na anatafuna, na anatabasamu. Akanitafuta kwa macho mpaka akaniona pale nyuma ya mti.

"La mama," akasema. Sikuisikia sauti, niliona midomo.

Sitaandika zaidi kuhusu hapo.

Baadaye yule ami, mzee wa maneno machache, alisafisha koo akauliza nani amepika.  Mimi nikataka kusema, nikiwa mkweli, kwamba tulikuwa wawili. Mama Zuwena akaniwahi. Akajibu kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Upande wa mwanamume." Wazee wakaitikia maashallah. Rajabu akanyoosha mgongo, nikamwona anakuwa mtu mwenye ukoo mzima nyuma yake, dada mmoja tu na bado ukoo mzima.

Ukoko uligombaniwa. Papa Kalonji alipata kipande kikubwa kuliko wote, alistahili, na akaja kunieleza kwa masikitiko kwamba leo meno yake hayakupata kazi.

Hiyo ilikuwa jana. Leo nimelala mpaka jua limenifuata kitandani. Karibu na adhuhuri mlango ukagongwa, nikajua ni Rajabu na mkewe wamekuja kusalimia. Alikuwa Mama Zuwena, peke yake, na ile sufuria yangu ndogo niliyoisahau kwake, imesuguliwa mpaka inang'aa kuliko nilivyoinunua.

Tulikunywa chai hapa kibarazani. Tulisengenya kidogo, kwa haki, watu waliostahili. Alipokuwa anaondoka akasema, kama mtu anayesema habari za mvua, kwamba mwanzo wa mwezi wa sita anaozwa binti wa mdogo wake, na alitaka kujua mchele auloweke saa ngapi ili nikifika niukute tayari.

Nikamwambia, mama, hiyo ni arusi ya upande wenu. Mimi ni upande wa mwanamume, chungu chenu nitakishikaje?

Akanitazama vile anavyotazama.

"Dada," akasema, "huku hatuna watu wa kutosha kuwa na pande mbili."

Akashuka ngazi, nikabaki nimeshika kikombe chake.

Tiketi yangu ni ya tarehe ishirini mwezi huu. Karatasi zinaniruhusu mpaka mwisho wa mwezi wa sita. Nimempigia mama, nimemwambia nina shughuli ya watu wetu, anisubiri kidogo. Hakuuliza watu wetu gani. Aliuliza tu kama ninavaa vizuri, maana amesikia mwezi wa sita huko baridi inakata masikio.

Kesho nikiamka nitakwenda kununua soksi nene.